Kabati la Vishikizo

Kila asubuhi, kabla sijaonja chai, mimi hujaza maji vikombe vya kahawa na kuviweka ndani ya kabati la Baba, kimoja kila rafu. Maji hayo si ya kunywa mtu. Ni ya pembe. Pembe ya ndovu ikikosa unyevu hupasuka, hata kama ilikwisha kuchongwa zamani ikawa sura ya mtu. Basi huyanywa maji yale kwa hewa, kimyakimya, na jioni vikombe huwa vimepungua kana kwamba walipita wageni wenye haya. Nikishaweka maji hukifumbata kila kishikizo palepale kilipokaa mpaka kipate joto la kiganja changu. Panya aliyelalia mkia wake. Chura juu ya kandambili ya majani. Vipofu wanaosaidiana kuinua jiwe. Mzee mnene anayecheka mpaka kitovu chake kinacheka naye. Halafu Mama.

Asubuhi ile kidole gumba changu kilipita mahali pa uso wa Mama kisikutane na kitu.

Nikarudia. Hapakuwa na pua, wala ule mkunjo mdogo kando ya mdomo ambao nilizoea kuugusa mwisho. Palikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Nywele alizokuwa akizikamua zilikuwapo bado, na mikono ilikuwapo. Magoti sikuyaona, kwa sababu yalikuwa yamezama ndani ya tundu la rafu. Mama alikuwa anapita. Taratibu, kama kifungo kinavyopita katika tundu la shati kuukuu, mama yangu alikuwa anapita kwenda chini.

Anayeliona kabati hili mara ya kwanza hudhani ni pambo. Si pambo. Vitu vilivyomo, kwa jina vilivyozaliwa nalo, ni netsuke. Vilichongwa katika nchi ya Wajapani, zamani, wakati wanaume wa huko walipovaa kanzu zisizo na mifuko. Mtu alikuwa na tumbaku yake, dawa yake, muhuri wake, avitie wapi? Akavitia katika kikoba, kikoba akakifunga kamba, kamba akaipitisha nyuma ya mshipi wa kiunoni, na huku juu, mwisho wa kamba, akafunga kitu kidogo cha kuizuia isichomoke. Hicho kitu kidogo ndicho kishikizo. Kazi yake ni moja tu, kuwa kikubwa kuliko mwanya. Hakibebi, hakifungui. Kinakataa kupita, basi. Nimewaza sana juu ya maisha ya namna hiyo. Kuna viumbe ambao kuwapo kwao kote duniani ni kukataa kupita ili kitu cha mwingine kisianguke, nao wakachongwa vizuri, wakapewa meno na kucha na nywele zinazohesabika, wakasifiwa kwa uzuri wao, na hakuna aliyewauliza mgongo unaumaje. Kwa sababu mgongoni ndiko yaliko matundu. Kila kishikizo kina matundu mawili, moja dogo la kuingilia kamba na moja kubwa la kulificha fundo, na fundi mzuri huyachonga mahali ambapo mtazamaji hayaoni.

Baba alianza kuvikusanya kabla sijazaliwa, au baada ya mimi kufa. Katika nyumba yetu saa haziendi, zinasagika, na unga wake huangukia popote.

Chini ya chumba cha kabati kipo chumba cha Baba, na chumba cha Baba hakina sakafu. Nyumba imejengwa ukingoni mwa korongo ambalo chini yake pana ukungu tu, na sakafu Baba aliing'oa kwa mikono yake. "Sakafu," alisema, "ni ya watu wasio na wa kuwashika." Anakaa katika kiti kilichoning'inizwa kwa kamba za hariri. Kamba zinapanda, zinapenya dari, zinapenya rafu za kabati, na juu ya kila tundu kimekaa kishikizo kimoja, kamba imekipita mgongoni, fundo limefichwa. Panya anamshikilia Baba, chura anamshikilia Baba, vipofu na jiwe lao wanamshikilia Baba. Na kila anapozungumza nasi Baba hutukumbusha kwamba yeye ndiye anayetushikilia sisi.

Watu wa nyumba hii hawafi. Huulizwa na Baba, hunyamaza, hupungua hadi wakae rafuni.

Mimi si mtu wa kuita. Sauti yangu nikiitoa huona haya ikarudi. Kwa hiyo sikupiga kelele. Nilikwenda jikoni, nikamkuta Shangazi Kibibi, dada yake Baba, amekaa juu ya mkeka anasokota hariri ya kamba, uzi mmoja meno yameuuma, nyuzi mbili vidole vya miguu vimezibana. Nikavuta pindo la kanga yake.

"Una nini wewe? Umeona jini au umeona mume?"

"Mama hana uso."

Akautema uzi. "Siwema? Siwema tangu lini akawa na uso katika nyumba hii?"

"Shangazi."

"Haya, haya. Usinililie, machozi yako yatanilowesha hariri, na hariri mbichi humtia ndugu yangu wasiwasi." Alisimama kwa kushika kiuno. Mwili wa Shangazi Kibibi una ufa, unaanzia sikioni, unashuka shingoni, unapotelea ndani ya nguo. Akicheka unafunguka kidogo na unaona giza. Ndiyo maana hayumo kabatini. Alipokuwa msichana aliulizwa kama walivyoulizwa wengine, na badala ya kunyamaza akapasuka kwa kicheko, na kitu chenye ufa Baba hakitundikii uzito wake. Akamwacha na miguu yake na kazi ya kusokota kamba za wenzake.

Tulisimama mbele ya kabati. Akamtazama Mama kwa muda mrefu, hakutania.

"Umempapasa mno, mwanangu," alisema mwishowe. "Mapenzi ni msasa. Ungemwacha na vumbi lake angekuwa na pua mpaka leo."

"Nilitaka asihisi baridi."

"Najua. Na wakusanyaji wote hutaka hivyohivyo, waulize. Kishikizo kisichoshikwa hakina mng'ao, kinaonekana maiti. Kinachoshikwa kinang'aa, kinawaka kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta, na kadiri kinavyong'aa ndivyo kinavyoisha. Mtu afanyeje? Hata mchongaji hakuijua dawa yake."

Nilitamani aseme kwamba si mimi. Shangazi yangu anasema uongo kwa ajili ya mzaha tu, kwa ajili ya kufariji hajui.

Sauti ya Baba ikapanda kupitia matundu. Haikuwa ya hasira. Baba hapandishi sauti, anaipandisha nyumba nzima hadi ilipo sauti yake.

"Kibibi. Kiti kimeinama upande wa Siwema."

"Tunaona, kaka."

"Amekwisha?"

"Amebaki nywele na mabega."

Kisha: "Basi amekamilika. Mng'ao wake ulikuwa mzuri kuliko wote. Mwambie mwanangu Mwatumu nimefurahi."

Nimefurahi. Neno hilo nililibeba nikakaa nalo chini, mgongo kwenye mlango wa kabati. Alifurahi kwa sababu uso wa mama yangu ulikuwa umefutika vizuri. Hapo ndipo nilipoyafikiria mapembe. Yalitoka kwetu, au kwenye nchi iliyo kama kwetu, yakiwa bado na damu kwenye mizizi, marefu kuliko watu walioyabeba. Yakavuka maji. Huko akayapokea fundi mwenye kisu kidogo na macho mazuri, naye hakuwa mtu mbaya, akakata, akapunguza, akapunguza, mpaka jino lililokuwa likiangusha miti likawa babu wa kuchekesha anayeenea katika ngumi ya mtoto. Kabatini kwetu yumo hata ndovu mmoja, amechongwa kwa jino la ndovu, amelala, ni mdogo kuliko kungumanga. Je, jino linajua? Linapoguswa masikio yake hayo ya mzaha, linakumbuka masikio yaliyopepea? Baba husema kikubwa kikitaka kudumu sharti kipungue, na kweli ndovu yule mwenye mwili amekwisha kuoza na huyu wa kabatini yupo, ametakata, ana maji yake ya kunywa. Sijui jibu lake. Nimesoma chuoni miaka ya kutosha na nilirudi na majibu mengi, lakini hilo halikuwamo. Ninachojua ni kwamba kudumu kukiwa hivi, basi kuoza kulikuwa heshima.

"Geuka," alisema Shangazi.

"Kwa nini?"

"Wewe geuka tu."

Akanishusha nguo mabegani. Vidole vyake vikavu vikashuka katika uti wa mgongo, vikasimama katikati. Nikahisi upepo. Si juu ya ngozi, ndani. Upepo uliingia mahali fulani mgongoni mwangu ukatokea mahali pengine, karibu na hapo, kwa mluzi mdogo.

"Moja dogo," alisema Shangazi, "na moja kubwa."

"Tangu lini?"

"Nani ajuaye? Labda ulizaliwa nayo. Labda yamechongwa kila uliposema ndiyo ukimaanisha jingine." Akanipandishia nguo, akaifunga vizuri, kama anayemvisha mtoto wa kwenda kutahiniwa. "Anakutaka leo. Siwema hafiki jioni."

"Na nikikataa?"

"Utakataa kwa kinywa kipi, bubu wangu? Wewe hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi unaomba radhi." Kisha akanishika kidevu. "Sikiliza. Mimi nilicheka. Cheka nawe. Hata kidogo. Hata cha uongo. Ufa ni ufa."

Nilijaribu palepale. Kilichotoka kilikuwa kikohozi.

Ngazi za kwenda kwa Baba zina tabia mbaya. Ukizianza juu ukiwa mwanamke mzima, hufiki chini ukiwa hivyo. Niliziteremka nikishika ukuta, Shangazi nyuma yangu na sindano ya mfupa na kamba mpya mkononi. Kwanza viatu vikawa vikubwa, nikaviacha. Kisha mikono ya nguo ikanifunika vidole. Nilipofika kizingitini kitasa cha mlango kilikuwa juu ya kichwa changu, na nywele zangu zilikuwa zimesukwa mabutu, kwa mkono ninaoujua, mkono uliokuwa ukinipiga kwa chanuo nikitikisika. Nilisikia harufu ya mafuta ya nazi. Nikalia kidogo, si kwa hofu.

Baba alikuwa akiyumba mbele yangu, katikati ya chumba kisicho na chini. Ukungu ulipanda ukamgusa nyayo, ukashuka. Ni mtu mwembamba, Baba. Kanzu yake safi, kucha zake safi, uso wake mpole kama wa mtu anayesikiliza mvua. Hilo ndilo linaloniumiza kila nimwonapo: kwamba hana uzito. Ukimweka kwenye mizani ya duka hawezi kuinua gunia la unga. Kamba zote zile, migongo yote ile, kwa ajili ya mtu ambaye angeweza kukaa juu ya stuli.

"Mwatumu, mama," alisema. Huniita mama tangu nilipozaliwa, kama baba wengi wapole. "Umekula?"

"Bado, Baba."

"Hawakutunzi. Kibibi, mtoto hajala."

"Atakula nini," alisema Shangazi, "na wewe unataka kumtia kabatini? Pembe hunywa maji tu."

Baba alicheka kwa upole. Kiti kikainama zaidi upande mmoja, na juu yetu, ndani ya dari, tukasikia kitu kikikwaruza. Mabega ya Mama. Yalikuwa yanaingia.

"Unajua kwa nini nilikusanya?" aliniuliza Baba. "Watu wanadhani ni tamaa. Nilikuwa kijana, nikaona kila kitu kinaanguka. Baba yangu alianguka, nchi ilianguka, maneno tuliyoapa yalianguka tukayakanyaga. Nikakiona kishikizo kimoja, yule panya. Kidogo hivi. Nikakisoma mgongoni nikaelewa: kumbe dunia haishikiliwi na wakubwa. Inashikiliwa na vitu vidogo vilivyokubali. Tangu siku hiyo sikutafuta tena wakubwa. Nilitafuta waliokubali."

"Mama alikubali?"

"Mama yako alinyamaza."

"Kunyamaza si kukubali, Baba." Nilisema hivyo ndani ya kifua. Nje midomo yangu haikutikisika.

"Kunyamaza kwa mwari ni ridhaa," alisema, kana kwamba amesikia. "Sikuitunga mimi desturi hiyo. Niliikuta. Mwari huulizwa mara tatu mbele ya shahidi, akinyamaza amekubali, kwa sababu haya zake ndizo ulimi wake. Ni desturi ya kiungwana. Inamwepushia msichana fedheha ya kusema."

Alinitazama, na machoni mwake niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Aliogopa. Alikuwa ameogopa maisha yake yote, na hofu yake ilikuwa safi na ya kweli kama ya mtoto anayeomba taa isizimwe. Nilimhurumia. Hapo ndipo uovu wote ulipokuwa umekaa, katika huruma yangu: angekuwa dubwana ningekwisha kukimbia.

"Jambo moja ulijue kabla sijauliza," alisema. "Haki yako kulijua. Kamba ya Siwema, ikishapita kitini, nimeifunga hapa, mkononi mwangu. Nikienda chini, ninakwenda naye. Ukikaa mahali pake, nitaifungua. Atabaki juu, rafuni, na kile kilichobaki chake. Utakuwa karibu naye. Mtatazamana."

"Atatazama kwa kitu gani?" alisema Shangazi. "Macho yamekwisha."

"Kibibi, fanya kazi yako."

Shangazi alipiga magoti nyuma yangu. Nilisikia ncha ya sindano ikitafuta tundu dogo, ikalipata, ikasimama mlangoni. Haikuuma. Ilikuwa baridi tu, na ajabu yake, ilinituliza. Ndiyo, nitalisema hili pia: kulikuwa na raha. Kukaa mahali pamoja. Kuletewa maji. Kufumbatwa asubuhi na mkono wa mtu mwenye huruma, na kutoulizwa tena kitu chochote mpaka uso uishe. Nani asiyechoka na uso?

"Mwatumu binti Siwema," alisema Baba, na sauti yake ikawa ya sherehe. "Uko radhi nikushikilie?"

Nikushikilie. Hivyo ndivyo swali linavyosemwa, tangu kale.

Nikanyamaza. Kwa haya, kwa mazoea. Kwa kutojua mahali ulimi unapowekwa mtu akianza kusema.

"Mara ya kwanza," alisema Shangazi, shahidi wetu, na chini ya pumzi, sikioni mwangu: "Cheka, mtoto. Nakuomba. Cheka."

Sikuwa na kicheko. Nilikitafuta kote, na nilipokitafuta nilikuta neno *hapana*, limekaa kwenye kona, limevaa nguo za kutokea. Nililichukua nikalipima. Hapana. Baba angeinamisha kichwa kwa adabu, angesema basi, na kesho angemwuliza mwingine, binti wa jirani, mtoto wa mtu, kitu chochote chenye haya. Panya angeendelea kushikilia. Vipofu wasingeliweka jiwe chini. Hapana lingeniokoa mimi peke yangu, na mimi si kitu ninachokipenda kiasi hicho. Halikuwa neno langu. Nilikuwa nimelidhani langu miaka yote kwa sababu lilikuwa fupi.

"Mwatumu binti Siwema. Uko radhi nikushikilie?"

Juu, dari ikakwaruza tena. Sasa zilikuwa nywele.

Niliwaza: Mama. Niliwaza: ukipita tundu hilo utakuja kwetu, utapita hapa mbele ya macho yangu, mdogo kama punje, na sitaweza kukudaka kwa sababu mikono yangu imerudi utotoni. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimesimama mbele yangu, na kwa kukitaka nilikuwa namtupa na Mama. Nilitafuta namna ya kuvitenganisha. Haikuwapo. Kamba moja, mkono mmoja.

"Mara ya pili," alisema Shangazi.

Baba alinitabasamia. Alinisaidia, hata wakati ule. Alisogeza kichwa mbele kidogo kama alivyokuwa akifanya nilipojifunza kusoma, nilipokwama kwenye neno refu naye akingoja bila kunisukuma.

"Mwatumu binti Siwema. Mama yangu mdogo. Uko radhi nikushikilie?"

Nikasema.

"Sikusikia," alisema Baba.

"Amesema," alisema Shangazi. "Nimeona midomo."

"Midomo si ushahidi. Kunong'ona ni kunyamaza kulikotiwa pumzi. Kibibi, pitisha kamba."

Sindano haikusogea. Nilihisi ncha ya mfupa ikigonga mlangoni mwa tundu, ikigonga. Nikauinua uso wangu, huu nilionao, nikamtazama Baba machoni, na sauti ikatoka kubwa, mbaya, ya mwanamke mzima ndani ya mwili wa mtoto, na nilipokuwa naitoa nilisikia kitu kikipasuka kuanzia sikioni kushuka.

"Nakupenda, Baba," nilisema. "Na nataka uanguke."